Swali kwa Fundi: Beringi mpya, mlio uleule

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya motokrosi ya mwaka 1984, ile yenye shokapu moja nyuma. Mwaka jana ilikuwa inagonga nyuma kila nikipita tuta, nikabadilisha beringi zote za swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na za linki, vile vipande vinavyounganisha swingamu na shokapu. Haikupita miezi mitatu, mlio ukarudi. Je, niliuziwa feki?
Mpenda Vumbi

JIBU: Marahaba. Feki zipo, sikatai, ila kabla hujamlaani muuzaji nikuulize: na bushi ulibadilisha? Umeniandikia beringi tu.

Beringi ya visindano kwenye pikipiki hizi haina ringi ya ndani. Visindano vinabingiria moja kwa moja juu ya bushi, lile bomba fupi la chuma linalopitishwa boliti. Bushi ikishalika, beringi mpya juu yake ni soksi mpya ndani ya kiatu chenye msumari. Itoe, ifute, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, hata mwembamba kama unywele, au ukigusa vishimo vya kutu, hiyo imekwisha. Usiipige msasa ukadhani umeiokoa. Utaipunguza unene tu.

Pikipiki yako ni ya kizazi cha linki. Kawasaki walitoka na Uni-Trak mwaka 1980, Honda na Pro-Link, Suzuki na Full Floater mwaka 1981. Katika mifumo hii gurudumu husafiri karibu mara tatu ya shokapu, kwa hiyo ulegevu wa nusu milimita pale kwenye linki, ukifika kwenye tairi, si nusu tena. Na linki yenyewe imekaa chini kabisa, mdomoni mwa matope.

Usikisie kiungo kipi kimelika. Weka pikipiki juu ya stendi, tairi la nyuma lining'inie, mtu alinyanyue na kulishusha taratibu huku wewe umeweka kidole kwenye maungio, moja baada ya jingine. Linalocheza utalisikia kwa kidole kabla hujaliona.

Sasa nyundo. Mimi niliwahi kupasua linki ya alumini nikitoa beringi kwa nyundo na tindo, Jumamosi jioni, na mbio ni Jumapili. Nilikwenda kutazama wenzangu. Tangu siku hiyo natumia boliti ndefu, nati, wosha nene na soketi mbili: ndogo ya kusukuma, kubwa ya kupokea. Kabla ya kutoa, pima beringi ya zamani imezama kiasi gani, maana sili, ule mpira wa kuzuia maji na vumbi, inahitaji nafasi yake. Wakati wa kurudisha, laza beringi mpya kwenye friza usiku kucha, halafu pasha linki moto bila sili. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 24 likipanda joto kwa nyuzi 80 linaongezeka kama milimita 0.04, na hizo zinatosha kuifanya beringi iingie bila ugomvi. Sukuma upande wenye maandishi, ndio mgumu. Visindano vikiwa havina kizimba cha kuvishikilia, vihesabu na uvigandishe kwa grisi, la sivyo utapiga magoti kuvitafuta chini ya meza.

Bushi za umri huo zikikosekana, wengi hukimbilia kwa fundi wa kerezo. Sawa, lakini chuma cha kawaida ni laini, visindano vitakitafuna. Lazima bushi ifanywe ngumu kwa moto, kisha isagwe kwa kipimo. Mimi huanza kutafuta ringi ya ndani ya beringi iliyo tayari, yenye kipenyo kinachofaa, halafu urefu ndio unaorekebishwa.

Grisi iwe ya kuhimili maji, na usiibanie. Ukiosha kwa pampu ya presha, usielekeze mdomo kwenye sili. Maji yakishaingia hayatoki. Linki yangu naifungua kila msimu ukiisha, hata kama haijalia.

Kabla hujafunga shokapu, kaza boliti ya swingamu kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, kisha nyanyua swingamu kwa mkono mmoja na uiachie. Inapaswa kushuka laini. Ikikwama njiani, fungua tena: kuna wosha umeisahau, au sili imejikunja.