Kumina ya Jamaika ni ngoma iliyo hai

Ndugu uliyeuliza kama rege ndiyo alama pekee ya Afrika iliyobaki katika muziki wa Jamaika, nakusihi uitazame Kumina, ibada ya ngoma, nyimbo na uchezaji ya eneo la St Thomas, mashariki mwa kisiwa hicho. Wengi wa walioijenga ni watu kutoka eneo la Kongo waliopelekwa huko kama vibarua wa mkataba baada ya utumwa kukomeshwa kabisa mwaka 1838, na kwa kuwa walifika na lugha yao ikiwa bado hai, nyimbo zake za ibada zimehifadhi maneno mengi ya Kikongo, likiwemo Nzambi, yaani Mungu.

Mpigaji huilaza ngoma chini na kuikalia, kisha, huku mikono ikipiga, hukandamiza ngozi ya mbuzi kwa kisigino ili sauti ipande au ishuke. Nyuma yake mwenzake hugonga ubao wa ngoma hiyo hiyo kwa vijiti viwili, na wachezaji huwazunguka kinyume cha mwendo wa saa, nyayo zikisugua ardhi bila kunyanyuliwa sana. Mimi siwezi kuyaita hayo mabaki. Ni ufundi kamili, uliorithishwa mkono kwa mkono, unaotumika hadi leo kwenye matanga na kumbukumbu za wazee waliotangulia. Hata neno ngoma lenyewe tunalishiriki na Kikongo. Na hiyo rege uliyoitaja imepokea mengi kutoka kwa upigaji ngoma wa Marasta, ambao nao uliathiriwa na Kumina.