Re: Droni inayumba wanafunzi wakibeba boksi kwenye simuleta

Mwalimu, umesema vijana wanarusha vizuri, ila wakining'iniza boksi kwa kamba droni inayumba hadi inaanguka. Kwanza hakikisha simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha, inahesabu uzito kweli. Nyingine hubandika picha ya boksi tu, na hapo hamna mnachojifunza. Droni ya kilo 1.5 ikibeba nusu kilo, mota zinatakiwa kuongeza msukumo kwa theluthi moja ili ielee tu.

Kamba ndiyo yenye kazi. Droni ikiwa imetulia, mzigo kwenye kamba ya mita 1 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2, ya mita 4 sekunde 4, boksi liwe zito au jepesi. Waambie wahesabu kwa sauti kabla ya kugusa stiki. Anayeanza huvuta droni kinyume na mzigo, basi anazidi kuuchochea. Aufuate: boksi likienda mbele, droni nayo isogee mbele ikae juu yake.

Mimi ningeanza na boksi lililobanwa tumboni mwa droni, bila kamba kabisa. Na wakiachia mzigo, kidole kiwe tayari kupunguza nguvu, maana droni huchomoka juu ghafla.