Oili ya sintetiki: kilomita au miezi?

Habari ndugu. Umeuliza kama oili ya sintetiki yenye miezi 14 inaweza kuendelea kwa kuwa gari limetembea kilomita 6,000 tu, nyingi zikiwa safari fupi, na kama filta ya zamani inaweza kubaki.

Anza na kitabu cha gari. Vingi hutaja kilomita 10,000 hadi 15,000 au miezi 12, na kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Kwako muda umeshapita, mwaga uweke mpya.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo safari fupi ulizotaja. Injini haipati joto la kutosha, hivyo unyevu na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili. Mimi nilikuwa naendesha hivyo hivyo; siku moja nikafungua kifuniko cha oili nikakuta utando mweupe kama maziwa. Tangu hapo namwaga kila miezi 6. Ukiuona utando huo, kagua na maji ya rejeta; yakiwa yanapungua, huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, imeungua.

Filta badilisha kila unapomwaga oili. Ikiziba, vali ya dharura hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Tena angalia mpira wa filta ya zamani usibaki umenata kwenye injini, maana ukifunga mpya juu yake oili itavuja vibaya.