Jumba la Kandersteg halikujengwa na skauti

Hapana kaka, wewe unayesema skauti ndio walijenga jumba la Kandersteg mwaka 1919: skauti walilikuta. Lile jumba la mbao la Kandersteg, Uswisi, lilikuwa makazi ya wajenzi wa handaki la reli la Lötschberg. Treni zilipoanza kupita 1913 halikuwa na kazi tena. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alitaka kambi ya kudumu ya vijana wa dunia nzima, kituo cha skauti kikaanza hapo 1923. Kituo cha 1919 mnachokichanganya nacho ni Gilwell Park, Uingereza, cha kufundishia viongozi. Kandersteg hadi leo inategemea sana wanaojitolea.

Skauti wa Tabora mnaopanga kwenda, mwinuko usiwadanganye: ni mita 1,200 hivi kama hapa kwetu, ila pale ni milima ya Alpi. Hata Agosti usiku ni baridi, kwenye hema bila begi zito la kulalia hulali.