Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kuchoma DVD za Vipindi

Wiki hii tena nimeletewa diski iliyojazwa MP4 tupu, eti "deki imegoma". Hiyo ni diski ya data, jamani. Deki inataka video ya muundo wa MPEG-2, sauti ya 48 kHz, na folda ya VIDEO_TS yenye faili zake: IFO (maelekezo), BUP (nakala ya IFO) na VOB (picha na sauti zenyewe). Haya, sikilizeni upesi, nina kazi.

1. PAL au NTSC, ile mifumo miwili ya picha za TV, amua kabla hujagusa kitu. PAL ni 720 x 576, fremu 25 kwa sekunde. NTSC ni 720 x 480, fremu 29.97. Usizichanganye.

2. Piga hesabu kwanza. Vipindi sita vya dakika 25 ni sekunde 9,000. Kwa diski ya GB 4.7, ukitoa sauti na akiba kidogo, picha inabakiwa na kama kbps 3,700 (kilobiti kwa sekunde). Kuna mtu huweka 8,000 halafu ananiuliza mbona haviingii. Huyo nitamsaidia, ila atanisikia kwanza.

3. Kila kipindi kiwe taito yake (sehemu ya diski inayojitegemea), na kila taito iwe na amri yake ya mwisho, inayoiambia deki iende wapi kipindi kikiisha. Hapa ndipo nilipoumbuka. Menyu ilikuwa safi, vitufe vimekaa sawasawa. Mwisho wa kipindi cha kwanza nikaandika "jump title 2", yaani ruka taito ya 2, nikanakili, nikabandika kwenye vingine vyote, namba nitarekebisha baadaye. Wapi! Nikajaribu cha kwanza, cha pili kikafuata vizuri, nikachoma rundo zima kwenye DVD-R, zile zisizofutika. Mteja akapiga simu: "Mbona cha pili hakiishi?" Nami, kwa kujiamini kabisa, nikamwambia lenzi ya deki yake ni chafu, aisafishe. Maskini akasafisha. Akapiga tena: majina ya waigizaji yanapita, kipindi kinaanza upya. Akaruka hadi cha tano. Kilipoisha kikamrudisha cha pili. Nikafungua XML, lile faili nililoandikia amri, nikakuta mbili, mbili, mbili, hadi chini. Diski zote zikaenda jalalani, na lile la lenzi bado ananitania nalo.

Kwa hiyo jaribuni miisho. Sogeza hadi sekunde za mwisho za kila kipindi, uone kinakupeleka wapi. Cha mwisho kirudi kwenye menyu.

4. g0 ni kumbukumbu ndogo ya namba ndani ya deki; amri ya mwisho ya kila kipindi iisome: ikiwa 1, endelea kipindi kinachofuata, ikiwa 0, rudi kwenye menyu. Kitufe cha "Cheza vyote" kiweke g0=1, na vitufe vya kipindi kimoja kimoja virudishe g0=0. Mkisahau hilo la pili, mtu anachagua cha tatu peke yake, anajikuta yuko cha nne.

5. ISO (faili moja lenye diski nzima, kabla ya kuchoma) ikicheza kwenye VLC, programu ya video ya kompyuta, usishangilie. VLC inameza chochote. Choma DVD-RW moja, ile inayofutika, ujaribu kwenye deki yenyewe, ikiwezekana kuukuu.

6. Fungeni diski ("finalize" kwenye programu ya kuchomea) mkimaliza kuchoma. Isiyofungwa, deki nyingi hazitaisoma.