Sebule ya viti vya mviringo na rangi kali bila kufanana na baa

Ndugu, nimekuelewa: sebule yako ya Sinza, Dar es Salaam, ni mita 4 kwa 5, unapenda viti vya mtindo wa miaka ya 1960 na rangi ya chungwa, ila unaogopa ionekane kama baa.

Paka ukuta mmoja tu, ule wa mita 4 usio na dirisha. Kuta nyingine ziwe nyeupe ya maziwa. Ukuta ukiwa na urefu wa mita 3 kwenda juu, kopo la lita 4 linatosha. Chungwa haifuniki vizuri, kwa hiyo tanguliza praima (rangi ya msingi) nyeupe, la sivyo rangi ya zamani itachungulia hata baada ya mikono mitatu. Pitisha kiganja chini karibu na sakafu: ukiona unga mweupe wa chumvi, tibu unyevu kwanza, maana rangi itabanduka.

Kiti chenye umbo la mpira (Ball Chair) cha mbunifu wa Kifini Eero Aarnio (1963) kina gamba la faibaglasi, na upana wake unazidi mita 1. Pima mlango kabla ya kuagiza! Kimoja kinatosha, sofa ya chini yenye kona za mviringo mafundi wa Keko wanaiweza. Sisitiza sponji ngumu, laini hubonyea mapema.

Miguu ya kromu hushika kutu kwa hewa ya bahari. Chagua chuma cha pua (stainless steel).

Ukitaka na kiti cha kuning'inia, usikifunge kwenye dari ya jipsamu, kitaanguka na mtu. Mwite mhandisi akague zege au boriti kwanza.