Kujenga Nyumba Mpya Kando ya Nyumba za Zamani: Niliyojifunza Milimani, Kisumu

Tuliponunua kiwanja chetu Milimani, juu yake palikuwa na stoo ndogo ya mawe na mwembe mkubwa, nasi tayari tulikuwa na ramani: nyumba ya ghorofa moja, madirisha mapana ya vioo, na paa lililofichwa nyuma ya ukuta, mtindo ulioenea kila mtaa siku hizi. Barabara hiyo bado ina nyumba kadhaa za enzi za ukoloni. Nilichukua karibu mwaka mzima kuibadilisha ramani ile, na ninayoyaeleza hapa yanaweza kumfaa yeyote anayejenga kando ya majengo ya kale, iwe Kisumu, katika mitaa ya zamani ya Nakuru, au karibu na maduka ya kale ya Kendu Bay.

Aliyenizindua ni mzee jirani. Nilipomwendea kumwonyesha ramani, hakuifungua. Aliniuliza, "Binti yangu, saa tisa alasiri utakuwa unakaa wapi?" Nikamjibu, "Sebuleni, mzee." Akanikalisha kwenye veranda yake mpaka jua likaanza kushuka kuelekea ziwani, kisha tukaingia sebuleni mwake, na humo nikakuta ubaridi bila feni hata moja.

Siku ya pili nilirudi na futi kamba. Veranda yake ilikuwa na upana wa futi 8, paa lilitokeza nje ya ukuta kwa futi 3, dari lilikuwa juu futi 11, na sakafu ilikuwa imeinuliwa futi 2 kutoka ardhini. Kila kipimo kilikuwa na sababu yake. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo kuta zinazochomwa zaidi ni za mashariki na magharibi, na ile ya magharibi hupigwa jua wakati ambapo mji mzima umekwisha kupata joto. Mvua zetu nazo hupenda kuja alasiri kwa kishindo, zikisukumwa na upepo, na paa lisilotokeza huacha kuta na madirisha yakilowa. Paa la kufichwa linategemea mfereji uliozungukwa na ukuta. Majani ya mwembe yakiuziba, maji hutafuta njia ya kuingia ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kupima kabla ya kuchora. Pima umbali wa nyumba jirani kutoka barabarani, kimo cha ukingo wa paa, mwinamo wa paa lenyewe, na upana wa madirisha ukilinganishwa na ukuta. Nyumba mpya ikifuata hivyo vinne, itakaa vizuri mahali pake hata kama vyuma, vioo na jiko lake ni vya leo. Isipovifuata, mapambo hayataiokoa. Tulikosea hapo: tulinunua nguzo za saruji zenye maua tukidhani zitaifanya ionekane ya kale, ilhali hakuna nyumba yoyote ya barabara ile yenye nguzo za namna hiyo, na baada ya miezi michache tukazing'oa. Ghorofa tuliirudisha nyuma ya kiwanja, ili upande wa barabarani uonekane kimo kimoja na majirani, na mabati tukayapaka rangi nyekundu iliyofifia.

Stoo ya mawe ilinifunza kwa uchungu. Fundi wa kwanza aliziba viungo vyake kwa saruji kali, na baada ya misimu miwili ya mvua nyuso za mawe zikaanza kubanduka, kwa sababu unyevu ulioshindwa kutoka kupitia viungo ulitokea kwenye mawe yenyewe, yaliyo laini kuliko saruji. Fundi wa pili alikwangua saruji hiyo taratibu kwa patasi na kujaza chokaa na mchanga. Ukuta wa zamani usiguswe na fundi asiyejua chokaa.

Upande wa sheria, uliza mapema kama jengo lililo kwenye kiwanja chako au jirani yake limetangazwa kuwa turathi chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kabla hujalipia michoro na kibali cha kaunti.

Wapo walioniuliza kwa nini niheshimu nyumba za wakoloni. Swali hilo ni la haki. Reli ilipofika ziwani mwezi wa Disemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, haukuchukua muda kugawanywa kwa rangi ya watu, na mtu kama mimi asingeruhusiwa kuwa na kiwanja hapa. Lakini mikono iliyochonga mawe haya na kuezeka mapaa haya ilikuwa ya Waafrika na Wahindi, nami siko tayari kuubomoa ujuzi wao.

Jambo la mwisho ni ukuta wa mpaka, ambao wengi huusahau mpaka fedha zimekwisha, kisha wakajenga boma la futi 9 linaloficha kila kitu. Huko Migori, kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018, zimesimama tangu takriban karne ya 16 kwa mawe ya pale pale yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Wetu tuliujenga kwa mawe yaliyochimbuliwa msingini, futi 4 tu, na tukaupindisha kidogo ili kuikwepa mizizi ya mwembe.